Mguu wa Kushoto

Mguu wangu wa kushoto bado unaitafuta klachi.
Mjukuu ananipeleka kwa daktari wa macho
katika gari lake la umeme, kimya kama kabati,
na kila tukifika kona mguu unakanyaga zulia.
Anaona. Hasemi kitu. Anapunguza mwendo.

Ya kwanza ilikuwa Pobeda, rangi ya chai ya maziwa,
niliyouziwa na dereva teksi wa Kajaani
mwaka ule nilipopata cheti cha ukunga.
Nzito, kama bibi harusi asiyetaka kwenda.
Asubuhi za baridi kali Kauko alitoka na sinia la makaa,
akalisukuma uvunguni mwa injini,
akachuchumaa pale mpaka oili ilainike,
mpaka ndevu zake zigande.
Kauko: kwa lugha yetu maana yake ni mbali.
Hakuwahi kuendesha gari. Alisema mikono yake
ilizoea farasi,
na farasi akikosea, mwenyewe anajua.

Kisha Saab, ndogo, ya buluu,
iliyotaka oili ichanganywe na petroli
kwa kipimo, kama uji wa mtoto.
Ikishuka mlima ililia po-po-po-po,
na wanawake wa ng'ambo ya ziwa waliisikia kabla ya kuniona,
wakaanza kuchemsha maji.
Machi ya sitini na nane, juu ya barabara ya barafu,
mlango wangu wazi, mkanda sijafunga,
maana ziwa likitaka kukumeza halibishi hodi,
mama mmoja kiti cha nyuma akasema: Sasa.
Sikuzima injini, kwa ajili ya hita.
Tochi nikaing'ata kwa meno.
Mvulana. Kilo tatu na nusu, nilikisia.
Wakamwita Ismo.
Kile kiti hakikutakata tena,
wala sikukisugua sana.

Datsun niliipenda kuliko zote, na sijui kwa nini.
Ya manjano, bati jembamba, viti vya kubandua ngozi ya mapaja.
Iliwaka. Ni hilo tu. Iliwaka kila siku,
hata nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
bila makaa, bila dua,
na Kauko akakaa dirishani na sinia lake kama mstaafu.
Lakini chumvi ya barabarani! Kikulacho ki nguoni mwako.
Mwaka wa kumi na saba niliiona lami ikipita
kati ya viatu vyangu.
Nikafunika kwa ubao wa kukatia mkate, nikaendelea.

Mkaguzi wa magari alikuwa kijana mrefu.
Akagonga sakafu kwa nyundo, nyundo ikapenya.
Akasoma jina kwenye kadi. Akavua kofia.
"Mama Taimi," akasema, "hii siwezi kukupitishia."
Nilimpokea duniani kwa mikono hii,
na yeye ndiye aliyeniondolea Datsun yangu.
Alinirudisha nyumbani mwenyewe, saa za kazi,
akiendesha polepole, kama amebeba mayai,
akaniuliza njiani kama kweli ilikuwa baridi usiku ule.
Nikamwambia: Mama yako alitoka jasho.

Volvo sina mengi ya kuisemea. Gari zuri.
Ilimpeleka Kauko hospitali mara thelathini na moja,
ikamrudisha mara thelathini.

Daktari wa macho ataniambia ninachokijua tayari.
Nitaisaini ile karatasi, nitairudisha leseni,
picha yake bado ina nywele nyeusi.

Tunapita kando ya ziwa. Wamefungua barabara ya barafu;
matawi ya misonobari yamesimikwa pande zote mbili
hadi ng'ambo.
Pinda hapa, namwambia mjukuu.
Fungua mkanda. Fungua na mlango, kidogo.
Anasema gari litapiga kelele, Bibi, halitanyamaza.
Acha lipige, nasema.
Gari lisilolia, utajuaje kama linakwenda?